Mgonjwa wa Saratani Ahitaji Dawa na Watu

Tangu mwaka 2019, Mnyarwanda aliyepatwa na saratani inayohitaji tiba ya mionzi halazimiki tena kuvuka mpaka kuifuata tiba hiyo. Mashine mbili za kwanza za mionzi hapa nchini zilisimikwa katika Hospitali ya Jeshi iliyoko Kanombe, karibu na uwanja wa ndege wa Kigali, nazo zikaanza kutibu wagonjwa mwaka huo. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa Uganda, Kenya na hata India, nao walikuwa wachache kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa. Na mwaka 2016, mashine ya pekee ya namna hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipoharibika kiasi cha kutotengenezeka, hata njia hiyo ya karibu iliziba. Si jambo dogo basi kwamba leo askari, mkulima na mke wa polisi hukaa benchi moja pale Kanombe wakingoja zamu zao.

Hata hivyo mashine ina mipaka yake. Tiba ya mionzi aghalabu hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo. Kila siku mgonjwa hulala juu ya meza kwa dakika chache tu. Hasikii maumivu, haoni kitu kikimgusa, kisha huambiwa avae nguo zake aende, arudi kesho. Ukurasa wetu leo wauliza: saa zinazobaki ni za nani?

Tuseme mgonjwa huyo ni mama wa makamo aliyetoka Rusizi, mpakani na Kongo, safari ya saa sita hivi kwa basi. Ameandikiwa mionzi mara 25. Hawezi kwenda na kurudi kila siku, hivyo yampasa apate mahali pa kulala Kigali kwa muda wa majuma matano. Kila asubuhi hufika hospitalini, huitwa, humaliza. Saa nne na nusu tayari yuko nje, jua bado changa, na hana anakokwenda. Hamjui mtu. Simu yake ina salio la kumpigia binti yake mara moja tu, na binti akiuliza, "Mama, hujambo?" hujibu, "Sijambo, mwanangu," maana ataanzia wapi kueleza uchovu ule? Kisha huketi kwenye ukingo wa ukuta, kitambaa kichwani, akihesabu siku kwa vidole. Mama wa namna hii hatuna haja ya kumtaja jina, kwani wako wengi.

Wapo wanaodhani kuwa kumchangamsha mgonjwa kama huyu ni hisani ya kupamba tu, na kwamba kazi yenyewe ni ya daktari. Sivyo. Tiba ya mionzi hupangwa kwa hesabu. Seli za saratani zilizojeruhiwa leo hupigwa tena kesho, zisipate nafasi ya kujikusanya. Siku zikirukwa-rukwa, uvimbe huanza kujijenga upya. Dawa za saratani zinazotiwa mshipani nazo zina kalenda yake, mara nyingi awamu moja kila baada ya majuma mawili au matatu. Mgonjwa anayekatiza tiba aghalabu hakatizi kwa ubishi. Amekosa nauli, au amekosa pa kulala, au mtoto aliyemwacha nyumbani ameugua. Ama amechoka kukaa peke yake na hofu yake. Bakuli la uji lililomfanya abaki juma moja zaidi ni sehemu ya tiba, ijapokuwa haliandikwi katika cheti chake.

Tena jambo hili haliwezi kuachiwa serikali. Askari na polisi wana bima yao ya matibabu, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kuiongeza tiba ya saratani katika huduma zinazolipiwa na bima ya afya ya jamii, ile tuiitayo Mituweli. Hizo ni hatua kubwa. Lakini hakuna bima inayomlipia mgonjwa mtu wa kukaa naye kwenye benchi.

CHAKULA NA ANAYEKILETA

Katika hospitali nyingi za umma hapa Rwanda mgonjwa huletewa chakula na watu wake. Kinyarwanda kina neno zima kwa kazi hiyo: kugemura. Mwenye jamaa Kigali huletewa chungu chake kimefungwa kwa kitambaa, bado chafuka mvuke. Asiye na jamaa hugeukia ukutani saa ya kula, akijifanya amelala. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Bibi Isabelle Kamariza na vijana wenzake walilitambua jambo hilo katika Hospitali ya Chuo Kikuu hapa mjini, ijulikanayo kwa kifupi kama CHUK, wakaanza kupika na kugawa. Kutokana na sufuria hizo chache kikazaliwa chama cha Solid'Africa, ambacho mpango wake wa kuwalisha wagonjwa wa hospitali za umma wasio na kitu kiliuita Gemura. Jina hilo limechaguliwa vizuri, kwa sababu halisemi msaada wala sadaka. Lasema tu kile ambacho ndugu humfanyia ndugu.

Si lazima kila mtu aanzishe chama. Mwenye jirani mmoja anayetibiwa aweza kugemura mara moja kwa juma na kazi ikawa kubwa. Ila hapa yapasa kuwa na maarifa kidogo, maana chakula cha mgonjwa wa saratani si kama cha mgonjwa wa malaria. Dawa nyingi za saratani huubadili ulimi. Nyama aliyoipenda sana yaweza kumnukia vibaya, na chakula chochote kikawa na ladha ya chuma. Wengine hupata nafuu wakila kwa kijiko cha mti au cha plastiki. Kinywa hutoka vidonda, hata pilipili kidogo na ndimu huwa adhabu. Kwa hiyo usipike unachokipenda wewe. Uliza kwanza: "Leo ulimi wako wakubali nini?"

Uji wa mtama au wa ulezi, ule igikoma wetu, usio wa moto sana, aghalabu hupita. Parachichi lililopondwa hupita pia, na ndizi mbivu, na viazi vilaini vyenye mchuzi mwepesi. Peleka kidogo, kwa chombo kidogo. Sahani iliyojaa humvunja moyo mgonjwa kabla hajaonja, na akishindwa kuimaliza huona aibu mbele ya aliyeileta. Asipokula, usimlaumu wala usimlazimishe. Funika, ondoka nayo, urudi kesho kutwa.

Juu ya maziwa nataka kusema neno, kwa kuwa hapa petu hatujui kumkirimu mtu bila maziwa. Dawa za saratani hupunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu, hivyo maziwa yasiyochemshwa, na ikivuguto iliyogandishwa kutokana na maziwa mabichi, vyaweza kumletea mgonjwa maradhi makubwa. Maziwa yachemshwe vizuri, matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa, na mletaji mwenyewe anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua au kikohozi na abaki kwake, apige simu. Kutokwenda siku hiyo ndio wema wake. Na ile chupa ya miti shamba ambayo shangazi ameituma kutoka kijijini kwa mapenzi mema, aonyeshwe daktari kwanza, kwani baadhi ya dawa hizo hugombana na tiba.

Kuna wema mwingine usiogharimu hata faranga moja: kunywa kwa kikombe cha mgonjwa. Saratani haiambukizwi kwa kikombe, wala kwa shuka, wala kwa mkono. Nyumba inayomtengea mgonjwa sahani yake pembeni humwambia kila siku, pasipo kutamka neno, kwamba amekwisha kutengwa na walio hai. Vivyo hivyo wapo bibi waliokatazwa kuwapakata wajukuu wao eti kwa kuwa "wamechomwa mionzi". Mionzi inayotoka katika mashine kubwa kama zile za Kanombe haibaki mwilini. Mgonjwa akishuka mezani hana mionzi ya kumpa mtu. Mleteni mtoto apakatwe.

MANENO YA WAGENI

Ni ajabu jinsi kila mgeni afikaye kwa mgonjwa wa saratani anavyobeba msiba mfukoni. "Hata mjomba wangu alianza hivi hivi," asema, naye anadhani amefariji. Mwingine huanza kuuliza mgonjwa alikosea wapi, alikula nini, amemuudhi nani. Mwingine husema "Ihangane", kisha hunyamaza. Neno hilo ni jema, ni neno letu la pole na la subira, lakini likisemwa peke yake hufunga mlango wa mazungumzo: aliyeambiwa avumilie atajibu nini zaidi ya "asante"?

Aghalabu mgonjwa hataki kuzungumzia ugonjwa mchana kutwa. Ataka kujua kama mbuzi amezaa, kama yule jirani ameezeka nyumba yake, kama APR imewafunga Rayon Sports au imefungwa. Mwambie. Bishana naye kama ulivyobishana naye mwaka jana. Ikiwa mwenyewe ataka kusema juu ya hofu, juu ya kifo, juu ya watoto, basi mwache aseme mpaka mwisho, usimkatize kwa "usiseme hivyo, utapona". Hujui kama atapona, naye ajua kwamba hujui.

Na kuna ile ahadi tuipendayo wote: "Ukihitaji kitu, utaniambia." Hiyo si ahadi, ni kazi mpya aliyopewa mgonjwa. Yampasa afikiri ahitaji nini, apime kama wewe unaweza, kisha apige simu kuomba. Na mtu wa heshima haombi. Mwenye nia ya kweli hutaja siku na saa: "Jumanne saa mbili nitakuja na pikipiki, tutakwenda Kanombe pamoja." Au, "Nguo za watoto nitazichukua Jumamosi, nitazirudisha zimepigwa pasi." Jambo lenye siku na saa laweza kungojwa, na kwa mtu anayepitisha mchana wa ugonjwa, kuwa na kitu cha kungoja ni nusu ya uchangamfu.

Tusimsahau anayemwuguza, ambaye Kinyarwanda humwita umurwaza. Huyu hulala juu ya mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, au kwenye kiti, majuma kwa majuma. Watu wote humwuliza hali ya mgonjwa, na hakuna amwulizaye hali yake. Mwambie: "Nenda ukaoge, ulale mpaka saa tisa, mimi nitakaa hapa." Mgonjwa naye hupumua, kwa kuwa kinachomlemea zaidi ya maumivu mara nyingi ni kumwona mkewe au binti yake akikonda kwa ajili yake.

ASKARI AKIUGUA

Miongoni mwa wanaume, saratani ya tezi dume ni mojawapo ya zinazoonekana sana hapa nchini, na tiba yake hugusa mambo ambayo mwanamume hasemi: mkojo usiozuilika, mwili kuishiwa nguvu, joto la ghafula, unyumba kukatika. Askari aliyezoea kuamuru watu 100 hujikuta hawezi kukaa katika mkutano wa saa moja bila kutoka nje mara tatu. Hapo rafiki wa kikosini ana nafasi ambayo hata mke hana. Hahitaji kuuliza maswali. Amwekee kiti karibu na mlango na asitoe maelezo kwa mtu yeyote; apange safari zenye mahali pa kusimama; amwondolee zamu ya usiku kwa ruhusa ya mkubwa wao, bila kulitangaza jambo hilo mbele ya kombania.

Nimesikia kwamba katika nchi nyingine marafiki hunyoa vichwa vyao ili mgonjwa aliyepukutika nywele asijione wa pekee. Katika jeshi, ambako kila mtu amekwisha kunyolewa, mzaha huo haufai kitu! Kwa askari mgonjwa kilicho kigumu si kichwa, bali ni kuwa mtu asiye na kazi. Basi apewe kazi. Mkubwa wake amwulize jinsi walivyotengeneza ratiba ile ya mwaka juzi. Kuruta aletwe afundishwe kusoma ramani kando ya kitanda. Mgonjwa apewaye tu, asiyeombwa kitu chochote, hujiona mzigo upesi sana. Kupokea ushauri wake, au hata kumwomba akutunzie hesabu za kimina chenu, ni wema uleule uliogeuzwa upande wa pili.

Kwa akina mama jambo la nywele ni zito zaidi. Nywele huanza kutoka aghalabu majuma mawili au matatu baada ya dozi ya kwanza, na hutoka kwa mafungu, mtoni mwa mto wa kulalia. Rafiki mwenye busara hangoji siku hiyo. Hufika mapema na kitambaa laini cha pamba, kwa kuwa ngozi ya kichwa huwa nyororo na kitambaa cha nailoni huikwaruza. Wakina dada wa Nyamirambo na Biryogo wanajua namna nyingi za kufunga kilemba. Saa moja mbele ya kioo, na vicheko viwili vitatu, vyaweza kumrudisha mtu sokoni.

Wake wa kambini wana mzigo mwingine. Wanajeshi wetu wako Afrika ya Kati, wako Sudani Kusini, na tangu mwaka 2021 wako Cabo Delgado katika Msumbiji. Mke akiambiwa ana saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi ilhali mume yuko kazini mbali, ndipo majirani wa kambini huonekana ni watu gani. Mmoja awaandae watoto asubuhi, mwingine asimamie masomo yao ya jioni, wa tatu akae karibu mama azungumze na mumewe kwa simu yenye picha, akiwa amevaa vizuri. Na ikiwa mgonjwa hajataka mumewe aelezwe yote, basi na ikae hivyo. Siri ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa.

MAUMIVU KWANZA

Hakuna neno la faraja linaloingia katika sikio la mtu anayeumwa sana. Mwaka 2011 Rwanda ilipitisha sera ya taifa ya huduma za kutuliza wagonjwa mahututi, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo, na leo mofini ya maji hutengenezwa hapa hapa nchini. Katika jambo hili tunafuata njia iliyofunguliwa na jirani zetu: mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akaonyesha kuwa mofini ya maji, ya bei ndogo, inayonywewa nyumbani, yaweza kumwondolea mtu mateso pasipo kulazwa. Wengi bado waiogopa dawa hii wakidhani itamfanya mgonjwa mlevi wa dawa, au kwamba ni dawa ya kufia. Ikitumiwa kama daktari alivyoagiza, kwa saa zake, humwezesha mgonjwa kulala, kula na kusimulia. Kijana wa nyumba ya tatu anayekwenda kuichukua kabla chupa haijakauka amefanya zaidi ya wageni kumi wenye maneno mazuri.

Wazee wetu walikuwa na ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo majirani walimbebea mgonjwa begani, mlima kwa mlima, wakipokezana. Neno hilohilo ndilo la mbeleko ya mtoto mgongoni. Jambo la kuangalia katika ingobyi ni kwamba hapakuwa na shujaa: kila mtu alibeba kipande chake cha njia, akampisha mwingine. Marehemu Daktari Paul Farmer, aliyefariki Butaro mwaka 2022, alifundisha jambo linalofanana na hilo. Shirika lake, pamoja na Wizara ya Afya, lilifungua kituo cha saratani cha Butaro, wilaya ya Burera, mwaka 2012. Na tangu mwanzo walikiri kwamba dawa bila nauli na bila chakula haifiki mwisho wake, wakawapa wagonjwa maskini nauli na chakula pamoja na dawa. Alisisitiza kufuatana na mgonjwa, kwenda naye mpaka mwenyewe aseme kwamba sasa inatosha.

Hapo ndipo wengi wetu tunapolegea. Juma la kwanza nyumba hujaa watu. Mwezi wa tatu hapana anayebisha hodi. Afadhali majirani kumi wagawane, kila mmoja juma lake, kama zamu ya ulinzi, kuliko wote kufika Jumapili moja na mikungu ya ndizi.

Zaidi ya hayo, tiba ikiisha, watu husema "amepona" na kwenda zao, wakati ambapo mgonjwa ndipo anaanza kuwa na hofu ya namna nyingine. Hurudi hospitalini kila baada ya miezi michache kuchunguzwa, na siku zinazotangulia uchunguzi huo hulala vibaya, kila kikohozi kikimtisha. Iandikeni tarehe hiyo katika kalenda ya nyumbani kwenu. Mpigie simu siku moja kabla. Asubuhi yake mpitie, mwende pamoja, mkae mkizungumza juu ya mvua na bei ya maharage mpaka jina lake litakapoitwa. Naye akitoka na karatasi mkononi, mwache aisome kwanza peke yake, kisha atakuambia.